Chombo na Dhamana

Kware ni mtaa wa Nairobi upande wa mashariki, katika Embakasi Kusini. Jina lake halikutokana na shujaa wala mto. Limetokana na machimbo ya mawe, ambayo Waingereza waliyaita kwa neno lao, na neno lile likazungushwa vinywani mwa watu hata likawa Kware. Leo majumba ya ghorofa yamebanana huko kiasi cha jua kuwa mgeni wa saa chache katika vyumba vya chini, na ngazi zake ni nyembamba na zenye giza mchana kweupe. Katika ngazi hizo hupanda na kushuka mtu mmoja ambaye nataka, msomaji, umtazame vema. Ni mhudumu wa afya ya jamii. Begani ana mkoba wenye mizani, kipimajoto, chombo cha kupimia shinikizo la damu na kingine cha kupimia sukari. Mkononi ana simu. Mwezi wa Septemba 2023 serikali ya Kenya ilizindua kazi ya wahudumu wa namna hii wapatao 100,000 nchini kote, na simu ile ndiyo daftari lao.

Tuseme mhudumu huyu amefika ghorofa ya tano, akabisha hodi, akakaribishwa. Mtoto ana homa. Mama anaulizwa homa ilianza lini, anajibu. Jibu linaandikwa katika simu, na simu inatoa swali la pili, kisha la tatu, na mwisho inasema kama mtoto apelekwe hospitali au abaki nyumbani. Je, ni nani aliyemwuliza mama yule maswali, mhudumu au simu? Tena, ikiwa ushauri utakuwa mbaya, mama atamwendea nani?

Hilo ndilo swali la insha hii. Mtu anapougua huutia mwili wake katika mikono ya wengine. Baina ya mikono ile na mwili wake sasa kimeingia chombo kinachokumbuka, kinachoonya na kushauri. Dhamana ya mgonjwa iko kwa nani? Usiniharakishe kwa kujibu kuwa ni kwa tabibu, kama ilivyokuwa tangu zamani. Jibu hilo ni jepesi, na mambo mepesi katika habari za uhai yafaa yapimwe mara mbili.

Kwanza yapasa tukiri kwamba mwanadamu asiye na chombo hukosea sana. Mwaka 1999 taasisi moja kubwa ya tiba ya Marekani ilitoa kitabu kilichokadiria kuwa watu baina ya 44,000 na 98,000 walikuwa wakifa kila mwaka katika hospitali za nchi ile kwa sababu ya makosa ya tiba. Na ile ni nchi tajiri. Kwetu sisi, mwanzoni mwa mwaka 2018, Hospitali Kuu ya Kenyatta ilikuwa na wagonjwa wawili. Mmoja alikuwa na damu iliyoganda ndani ya kichwa, akahitaji kupasuliwa. Wa pili alikuwa na uvimbe tu, ambao hauhitaji kisu. Vitambulisho vyao vikabadilishana. Yule wa uvimbe akapelekwa kupasuliwa kichwa, na madaktari walikuwa wamekwisha fanya kazi kwa muda wa saa kadhaa walipotambua kuwa damu waliyokuwa wakiitafuta haikuwamo. Nchi nzima ilishtuka, na watumishi kadhaa wakasimamishwa kazi. Fikiri, msomaji: maarifa ya upasuaji hayakukosekana. Kilichokosekana ni jambo dogo ambalo hata karani wa duka hulifanya, yaani kulinganisha jina na mwenye jina. Kazi ya namna hiyo, ya kulinganisha pasipo kuchoka, chombo huifanya kuliko mtu, kwa maana chombo hakina usiku wala njaa.

Tazama na mfano huu. Baina ya mwaka 2009 na 2010 watafiti waliwatumia matabibu 119 wa vituo 107 vya mashambani, pwani na magharibi ya Kenya, ujumbe mfupi katika simu zao wenyewe kwa muda wa miezi sita. Ujumbe ule uliwakumbusha namna ya kutibu malaria ya watoto. Haukuwafundisha jambo geni. Taratibu zile zilikuwa zimekwisha tolewa na serikali, na wengi walikuwa wamezisoma. Walakini watoto waliotibiwa sawasawa waliongezeka kwa zaidi ya 23 katika kila mia, na miezi sita baada ya ujumbe kukoma faida ilikuwa bado ipo. Pengo kubwa, basi, lilikuwa baina ya kujua na kutenda, wala si baina ya ujinga na elimu. Ujumbe mfupi ulijenga daraja hapo.

Kama habari ingeishia hapo, insha hii isingekuwa na haja ya kuandikwa. Tungesema vyombo ni vyema, tukanunua vingi, tukalala. Lakini ipo habari ya Texas.

Katika miaka ya 1980 kiwanda kimoja cha Canada kiliunda mtambo wa kutibu saratani kwa mionzi, ukaitwa Therac-25. Mitambo iliyoutangulia ilikuwa na vizuizi vya chuma na umeme ambavyo vilizuia mionzi kupita kiasi hata kama kompyuta imekosea. Waundaji waliiamini mno programu yao mpya, wakaviondoa vizuizi vile, wakaiachia programu peke yake kazi ya ulinzi. Baina ya mwaka 1985 na 1987 wagonjwa sita walipigwa na mionzi mingi kupita kiasi, na baadhi yao wakafa. Mmoja wao alitibiwa katika mji wa Tyler mwezi wa Machi 1986. Mwendeshaji aliandika herufi isiyo sahihi, akaisahihisha upesi, kwani alikuwa mzoefu na vidole vyake vyepesi. Na wepesi ule ndio uliofunua kosa lililojificha ndani ya programu. Mtambo ukaonyesha maneno mafupi yenye namba, yasiyoeleweka na mtu, ukadai kuwa mgonjwa amepata mionzi michache kuliko ilivyoagizwa. Mwendeshaji alikuwa amezoea kuona maneno ya namna ile kila siku, akabonyeza kitufe cha kuendelea. Mgonjwa ndani ya chumba alihisi kama amepigwa na umeme.

Hapa ndipo moyo wa jambo ulipo. Mgonjwa alisema ameungua, mtambo ukasema amepata kidogo. Na kwa muda ulisadikiwa mtambo. Mafundi walikuja wakautazama, wasione kosa, ukarudishwa kazini, na mwezi wa Aprili mgonjwa wa pili akaumizwa katika chumba kile kile. Kosa likaja kugunduliwa na mtaalamu wa fizikia wa hospitali pamoja na mwendeshaji yule yule, walioketi wakairudia kazi mara nyingi, wakaandika upesi kama siku ile, hata mtambo ukatoa tena yale maneno yake. Yaani ukweli ulipatikana kwa watu waliokubali kwamba huenda mwenye maumivu ana haki kuliko kioo chenye namba.

Wala madhara hayaji kwa kosa la programu tu. Hospitali moja ya watoto mjini Pittsburgh iliacha karatasi, ikaanza kuagiza dawa kwa kompyuta. Mwaka 2005 watafiti walitangaza kwamba miongoni mwa watoto mahututi walioletwa kutoka hospitali nyingine, vifo vilikuwa vimepanda kutoka 2.80 katika mia hadi 6.57. Zamani daktari aliweza kuagiza dawa mtoto akiwa bado njiani; baada ya kompyuta ilimlazimu angoje mtoto afike na jina lake liingizwe. Dakika zile zilikuwa na bei. Mwaka uliofuata hospitali ya watoto ya Seattle, iliyotumia mfumo wa namna hiyo hiyo, ikaeleza kuwa kwao vifo havikuongezeka. Basi chombo kimoja, katika nyumba mbili, kilitoa matokeo mawili. Mtu akikuambia chombo fulani ni salama, mwulize: salama wapi, na mikononi mwa nani?

Sasa turudi Nairobi, maana habari mpya kabisa ya jambo hili imetoka kwetu, wala haikutoka ng'ambo. Mwaka 2025 zahanati 15 za Penda Health, ambazo huwatibu watu wa kipato cha kawaida jijini, zilifanya utafiti pamoja na kampuni ya Marekani iitwayo OpenAI juu ya akili mnemba. Akili ile ilisoma alichoandika tabibu wakati anapomhudumia mgonjwa. Ikiona kila kitu ni sawa, ilionyesha rangi ya kijani. Ikiwa na shaka, manjano. Ikiona hatari, nyekundu, na hapo tabibu hakuweza kupita pasipo kusoma onyo. Uamuzi wa mwisho ulibaki kwake. Ziara za wagonjwa zilizohesabiwa zilikuwa 39,849. Matabibu waliosaidiwa walipungukiwa na makosa ya kutambua ugonjwa kwa kiasi cha 16 katika mia, na makosa ya tiba kwa kiasi cha 13 katika mia, wakilinganishwa na wenzao wasiosaidiwa.

Si haba hata kidogo. Yafaa, hata hivyo, uongeze mambo mawili katika mizani. La kwanza, wagonjwa walipoulizwa baadaye kama hawajapata nafuu, tofauti baina ya makundi mawili ilikuwa ndogo mno isiweze kuthibitisha kitu. La pili, miongoni mwa waliofanya utafiti walikuwamo watu wa kampuni iliyotunga akili yenyewe. Sisemi walidanganya, kazi yao waliieleza wazi, na waliopima makosa walikuwa madaktari wa nje. Nasema tu kwamba muuza maziwa anapoyasifu maziwa yake, mnunuzi mwema huyaonja. Watu wengine na wayapime pia.

Ikiwa chombo hupunguza makosa, ni kipi tena tunachokitafuta? Tunatafuta dhamana. Neno hili twalijua kutoka mahakamani. Mshtakiwa huachiwa kwa dhamana ya mtu fulani, na mtu yule huweka mali yake. Mshtakiwa akitoroka, mali imekwenda. Mdhamini, basi, ni mtu mwenye kitu cha kupoteza. Tabibu ana jina, ana cheti, ana riziki, na zaidi ya yote ana usingizi ambao mgonjwa aliyekufa kwa uzembe aweza kuuchukua. Simu haina usingizi wa kupoteza. Ikikosea leo haitaona haya kesho. Kwa hiyo yaweza kuwa na kumbukumbu kubwa kuliko hospitali nzima na bado isiwe mdhamini wa hata mtoto mmoja.

Najua utanijibu, na jibu lako lina nguvu: mama wa ghorofa ya tano hatafuti mtu wa kumlaumu, anatafuta uzima wa mwanawe. Kati ya mtoto aliyeokolewa na chombo kisichojua haya na mtoto aliyepotezwa na tabibu mwenye majuto, mama gani atamchagua wa pili? Hapana mmoja. Nakubali, tena nakwenda mbele kuliko wewe. Tabibu anayekataa chombo kilichothibitika kupunguza makosa, kwa sababu tu kinamwudhi au kinamshusha heshima, amevunja dhamana yake mwenyewe. Heshima ya tabibu haikuwekwa iwe juu ya uhai wa mtoto.

Lakini angalia linalofuata. Tuseme tabibu ameona rangi nyekundu, naye kwa kumtazama mgonjwa, kwa kumgusa, kwa kuisikia pumzi yake, anaamini chombo kimekosea. Akikiasi na mgonjwa akapona, hakuna atakayejua. Akikiasi na mgonjwa akafa, onyo jekundu limeandikwa, litamshuhudia. Akikitii na mgonjwa akafa, atasema, "Nilifuata mfumo," na wakubwa wake watatikisa kichwa kwa kukubali. Umeona? Bila amri ya mtu yeyote, utii umekuwa rahisi na uasi umekuwa ghali. Chombo kimeleta shauri, na pamoja na shauri kimegawa hofu upya. Baada ya miaka michache tabibu mwenye busara atajifunza kutokuwa na maoni. Hatari hii, kwa hukumu yangu, ni kubwa kuliko ya programu mbovu, kwa kuwa programu mbovu hugunduliwa siku moja, bali mtu aliyeacha kufikiri huonekana kazini kila siku, nadhifu na mtiifu.

Dawa yake siipati katika chombo. Wenye zahanati na hospitali hawana budi kuuliza maswali mamoja kwa aliyetii na kwa aliyeasi: uliona nini, ulimgusa mgonjwa, kwa nini uliamua hivyo? Mahali ambapo utii hauulizwi maswali, dhamana imekwisha ondoka mlangoni.

Wengine huogopa kuwa akili za watu zitadumaa. Sisi walimu twaijua hofu hii. Mwanafunzi aliyezoea jirani mwenye majibu hutazama dari siku jirani asipokuja. Mwaka 2025 watafiti wa Poland walieleza jambo lenye sura hiyo. Madaktari wanaochungulia utumbo kwa chombo chenye kamera walikuwa wakiona uvimbe wa kutiliwa shaka katika wagonjwa 28.4 kwa kila mia. Wakazoea kusaidiwa na akili mnemba. Kisha walipofanya kazi pasipo msaada, wakawa wanauona katika 22.4. Lakini zahanati za Nairobi zilitoa ushahidi wa upande wa pili: kadiri siku zilivyokwenda, matabibu waliosaidiwa walipunguza kuandika mambo yanayoamsha rangi nyekundu tangu mwanzo. Yamkini onyo linaloeleza sababu hufundisha, na kidole kinachoonyesha mahali tu hulemaza. Nalisema hili kama dhana, maana kazi mbili zile hazifanani.

Sijamsahau mgonjwa. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, na katika mapenzi ya nyumbani msemo ule una utamu wake. Ukiuhamisha ukaupeleka katika sheria na mitambo, unageuka sumu. Mwaka 2023 Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Afya ya Kidijitali pamoja na sheria nyingine za afya. Mwezi wa Julai 2024 Mahakama Kuu ikasema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, kisha Mahakama ya Rufani ikausimamisha uamuzi ule. Oktoba mosi mwaka huo huo Mamlaka ya Afya ya Jamii ilichukua mahali pa bima ya zamani, na katika siku za mwanzo wagonjwa walifika hospitalini wakaambiwa mfumo haufunguki. Mtu anayesafishwa damu kwa sababu figo zake zimekufa hawezi kungoja mfumo ufunguke juma lijalo. Usalama wa mgonjwa una sehemu hii pia: siku chombo kinaponyamaza, je, karatasi ipo, kalamu ipo, na mtu mwenye ruhusa ya kuzitumia yupo?

Nimeweka mwisho utafiti mmoja niupendao, kwa sababu ulifanyika karibu nasi na kwa lugha yetu. Baina ya mwaka 2007 na 2009 watu 538 walioanza dawa za kupunguza makali ya Ukimwi katika kliniki tatu za Kenya, mojawapo ikiwa Pumwani, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipata kila juma ujumbe wa neno moja: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa ajibu katika muda wa saa 48, ama "Sawa" ama "Shida". Aliyejibu "Shida", na aliyenyamaza, alipigiwa simu na muuguzi. Waliotumiwa ujumbe na wakameza dawa ipasavyo walikuwa 168 kati ya 273. Wasiotumiwa, 132 kati ya 265. Baadaye jambo kama lile lilijaribiwa Kibera kwa watu 700, kwa kusudi la kuwafanya wasiache kliniki katika mwaka wa kwanza, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2018 yakaonyesha kuwa halikufaa kitu kwa kusudi hilo. Ni vyema ulijue na hilo, ili usije ukaligeuza neno "Mambo?" kuwa hirizi.

Lakini nenda tena katika ngazi za Kware. Chumba kimoja, watu watano, simu moja iliyotundikwa ukutani ikipata moto wa umeme. Simu inalia, anaichukua aliye karibu, mtoto au shemeji au mgeni, na kusoma. Ujumbe ungetaja dawa au ugonjwa, siri ya mtu ingekuwa imemwagika sakafuni kabla mwenyewe hajarudi kazini. Aliyesoma anaona "Mambo?" tu, salamu ambayo vijana wa Eastlands hupeana mara ishirini kwa siku, anairudisha simu mahali pake, na mwenye simu akirudi jioni anaisoma, anafikiri kidogo, kisha anachagua moja kati ya maneno mawili, na kule Pumwani yupo muuguzi, mwenye jina na zamu, anayengoja kuona ni lipi.